"Pull someone's leg": ni kudanganya, ni kutania, au ni jambo la tatu?

Mwalimu wa Temeke (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, habari zenu. Ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na ninaomba tujadili kwa kina usemi mmoja wa mazungumzo ambao wanafunzi huukuta mara kwa mara katika hadithi, katika filamu na katika maswali ya mitihani, yaani "to pull someone's leg". Neno kwa neno, usemi huu ni kumvuta mtu mguu, ingawa hakuna mguu wowote unaoguswa. Ninapouliza maana yake darasani, wapo wanaojibu kwamba ni kumdanganya mtu na wapo wanaojibu kwamba ni kumtania mtu, na kila upande huwa na hakika kwamba wenzao wamekosea. Mimi naona kwamba kila upande umeshika kipande cha maana na kuacha kipande kingine, na kwamba kile kinachoachwa ndicho chenye uzito.

Tuanze na kudanganya. Mwingereza anapomwambia mwenzake "You're pulling my leg", anamaanisha kwamba ameambiwa jambo lisilo la kweli na kwamba aliyelisema alijua si la kweli. Hadi hapo ni uongo. Lakini usemi huu una sharti jingine ambalo kitenzi kudanganya hakina: msemaji anakusudia uongo wake ugundulike, tena mapema, ili wote wawili wacheke. Tapeli anayemuuzia mtu kiwanja cha mtu mwingine kule Kigamboni anaomba ukweli usijulikane kamwe, na kila siku inayopita kabla mnunuzi hajashtuka ni faida kwake. Anayevuta mguu anamtazama msikilizaji usoni akingoja kuona atashtuka lini, na asiposhtuka atasema mwenyewe, "I'm only pulling your leg", kwa kuwa mzaha wa namna hii usipogunduliwa unakuwa haujakamilika. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "alinidanganya" anampa msomaji picha ya mtu mbaya mahali ambapo Kiingereza kilimpa picha ya rafiki.

Sasa kutania. Hapa kasoro ni ndogo zaidi, lakini ipo. Utani wa Kiswahili hauhitaji uongo. Mtani wangu anaweza kunicheka kwa jambo la kweli kabisa: kwamba nimenenepa, kwamba timu yangu imefungwa, kwamba watu wa kwetu hawawezi kula bila samaki mezani. Mwingereza angeita hayo yote "teasing", wala asingesema kwamba mguu wangu umevutwa. Ili mguu uvutwe, ni lazima pawepo habari ya uongo ambayo msikilizaji anaiamini, au anakaribia kuiamini, kwa muda mfupi. Mwenzangu wa ofisi ya walimu akiniambia Ijumaa asubuhi, bila kutabasamu, kwamba Jumatatu imetangazwa kuwa siku ya mapumziko, nami nikaanza kupanga safari ya Bagamoyo, kisha nikamwona anashindwa kukizuia kicheko, hapo amenivuta mguu kwa maana kamili ya usemi huu. Akinicheka kwa sababu Yanga imefungwa jana, hajanivuta mguu, hata kama tutacheka mpaka machozi yatutoke.

Ninaomba michango yenu, hasa ya wale ambao kazi zao zinawakutanisha na wasemaji wa Kiingereza kila siku, na ya wale wanaoujua utani wa jadi kuliko mimi.

Mkalimani wa Posta

Mwalimu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi kazi yangu ni tafsiri na ukalimani, na ningependa kuongeza habari ya sarufi, kwa sababu mtu anaweza kuifahamu maana barabara na bado akautumia usemi huu kwa namna ambayo wenye lugha hawaisemi.

Mguu ni mmoja. Hapa mjini nasikia mara nyingi "Don't pull my legs", na mwenye lugha atamwelewa msemaji, lakini ataiona sentensi hiyo ni ngeni kidogo, kwa sababu miguu miwili inamrudisha kwenye miguu halisi ya mwili. Wanapofanyiwa mzaha watu wengi ndipo "pulling our legs" inapokubalika, kwa kuwa kila mmoja ana mguu wake. Vilevile kitenzi hukaa zaidi katika hali ya kuendelea: "Are you pulling my leg?", "He was only pulling your leg", "Stop pulling my leg". Umbo la "He pulled my leg" si kosa, ila ni nadra kidogo, na hali ya kutendwa, "My leg was pulled", ni nadra zaidi. Nadhani sababu inatokana na yale uliyoyaeleza wewe mwenyewe: usemi huu hutamkwa ama wakati mzaha ungali unaendelea na msikilizaji ameanza kushuku, ama mara tu baada yake, pale mtu wa tatu anapomtuliza aliyefanyiwa mzaha. Ndiyo maana maneno "only" na "just" hayako mbali nao. Kiingereza kina hata nomino yake, "a leg-pull", ambayo ni mzaha wenyewe, na "leg-pulling", ambayo ni tabia ya kuufanya.

Nimwonye pia mwanafunzi kuhusu majirani wa usemi huu, maana mitihani hupenda kumtega hapo. "To pull a fast one" unatumia kitenzi kile kile, lakini wenyewe ni hila ya kujipatia faida, yaani kumwingiza mtu mkenge. "To pull strings" ni kutumia watu wenye nafasi ili jambo lako lipite. "To pull your weight" ni kutimiza sehemu yako ya kazi katika kundi. Hakuna mzaha katika yote hayo matatu, wala maana ya moja haimsaidii mtu kubahatisha maana ya jingine.

Jambo la mwisho, ambalo mimi binafsi linanivutia sana. Lugha nyingi za Ulaya zina usemi wa namna hii, na karibu kila moja imeshika mwili wa msikilizaji, lakini si mahali pamoja. Mhispania husema "tomar el pelo", yaani humshika mwenzake nywele. Mjerumani husema "auf den Arm nehmen", humpakata mwenzake mkononi kama mtoto mchanga. Mfaransa husema "faire marcher", humfanya mwenzake atembee. Mwitaliano husema "prendere in giro", ambayo ukiitafsiri bila uangalifu utapata "kumzungusha mtu", na kwetu kumzungusha mtu ni kumwambia njoo kesho, njoo keshokutwa, jambo ambalo halimchekeshi yeyote aliyewahi kufuatilia faili lake katika ofisi fulani. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba anayetafsiri usemi wa namna hii kwa kufuata kiungo cha mwili kilichotajwa ameshapotea njia.

Mzaramo wa Kisarawe

Mwalimu na Mkalimani, shikamooni kama mmenizidi umri. Nimeusoma uzi huu nikaona kwamba upande wa utani bado haujatendewa haki, nami nimekulia ndani ya utani, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu.

Kwetu utani si tendo tu. Utani ni uhusiano, na tendo linatokana na uhusiano huo. Kabla sijamtania mtu, ni lazima niwe mtani wake, au iwepo sababu ya yeye kuwa mtani wangu. Babu na bibi wana utani na wajukuu: babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na hakuna anayeshtuka. Shemeji na shemeji wana utani. Makabila yana utani: sisi Wazaramo tunataniana na Wanyamwezi na Wasukuma, na wazee wetu husimulia kwamba jambo hilo lilikua wakati wa misafara ya karne ya 19, watu wa bara walipokuwa wakishuka Pwani na kupita katika nchi yetu na kuhitaji kupokewa kwa amani. Mtani anapofika msibani anaweza kuzuia shughuli hadi apewe chochote, anaweza kumwigiza marehemu namna alivyokuwa akitembea na kuzungumza, na wafiwa watacheka huku wakilia, kwa sababu ni haki yake na ni wajibu wake. Mtu asiye mtani akifanya hivyo ataonekana hana adabu, na huenda akafukuzwa.

Kwa upande mwingine wapo watu ambao utani nao haupo kabisa. Mimi siwezi kumtania mama mkwe wangu. Siwezi kumwambia baba mkwe "unanitania", hata kama ameniambia jambo ambalo naliona wazi kwamba ni mzaha. Nitainama kidogo na kusema, "Baba, ni kweli hayo?" nami nitamwachia yeye mwenyewe aamue kama acheke au asicheke.

Sasa angalieni Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na magazeti na redio huziita watani wa jadi. Hakuna anayeziita maadui, na neno hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Linasema kwamba maneno yote yatakayosemwa Kariakoo wiki ya mechi yana leseni, na kwamba wiki itakayofuata tutazikana na kuoana kama kawaida. Je, huyo Mwingereza anayevuta mguu ana leseni ya namna hiyo? Kama hana, basi anafanya jambo lingine, na tusimwazime neno letu kwa urahisi.

Mwalimu wa Temeke

Mzaramo, marahaba, na ahsante sana, kwa maana swali lako la mwisho ndilo linaloufungua mlango niliokuwa nikiugonga. Mwingereza hana leseni ya namna hiyo, wala haihitaji. Anaweza kumvuta mguu mtu aliyekutana naye leo kwenye kituo cha basi, anaweza kumvuta mguu bosi wake akiwa na ujasiri, na bosi anaweza kumvuta mguu mfagiaji. Kinachompa ruhusa ni namna mzaha wenyewe ulivyo: udogo wake, ufupi wake, na hakika kwamba ukweli utatoka kabla mtu hajapata hasara. Kwetu sisi ruhusa inatangulia na mzaha unafuata. Kwao mzaha unatangulia, na ruhusa inatafutwa ndani ya mzaha huo huo, kwa kicheko cha aliyefanyiwa. Asipocheka, aliyevuta mguu ni lazima aombe radhi, kwa sababu hana utani wa kumkinga.

Hili linaeleza pia kwa nini Mtanzania anayefanya kazi na Waingereza anaweza kuumia bila mtu yeyote kukusudia kumuumiza. Mgeni ambaye hawana uhusiano wowote anamwambia habari ya uongo bila kutabasamu, naye hana sababu yoyote ya kudhani kwamba huo ni mzaha, kwa kuwa kwa mizani yake huyu bwana si mtani wake. Akija kugundua, anahesabu kwamba amedanganywa na mtu asiyemheshimu. Kwa maoni yangu mwalimu wa lugha anayefundisha usemi huu bila kueleza tofauti hii amefundisha nusu ya somo.

Msomaji wa Historia

Naona wengi watauliza: kwa nini mguu? Katika intaneti zinazunguka hadithi mbili, na zote mbili husimuliwa kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi wake.

Hadithi ya kwanza inatoka Tyburn, mahali pa kunyongea watu jijini London, karibu na ilipo Marble Arch ya leo. Ni kweli kwamba katika unyongaji wa zamani mtu angeweza kufa polepole na kwa mateso, na ni kweli kwamba ndugu au marafiki waliweza kumvuta miguu ili afe upesi. Wasimulizi wanadai kwamba usemi wetu umetoka huko. Mimi siikubali hadithi hii, kwa sababu mbili. Mtu wa mwisho kunyongwa Tyburn alinyongwa mwaka 1783, ilhali usemi huu tunauona katika maandishi ya karne ya 19 iliyofuata. Haumo katika tamthilia za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, wala hauonekani mahali pengine katika zama zile ambazo Tyburn ilikuwa ikijulikana kwa kila mtu. Tena maana haifuatani kabisa. Kumvuta miguu anayenyongwa kulikuwa tendo la huruma kwa mtu anayekufa, na sijasikia hatua yoyote ya kueleweka inayolitoa tendo hilo hapo na kulifikisha kwenye mzaha wa marafiki.

Hadithi ya pili inasema kwamba wezi wa mitaani London walikuwa wakiwaangusha watu kwa kuwavuta au kuwatega mguu, yaani kuwapiga mtama, kisha kuwaibia. Hii angalau ina njia ya maana inayoeleweka: anayepigwa mtama anapoteza mizani, na anayeambiwa uongo wa ghafla naye anapoteza mizani kwa muda. Lakini njia ya maana inayoeleweka si ushahidi, na wizi haupo katika usemi wenyewe. Kama usemi ungetoka kwa wezi, ningetegemea uwe na sumu fulani, kama ilivyo "pull a fast one" aliyoitaja Mkalimani.

Ninachoshauri ni kwamba mwalimu asiwape wanafunzi hadithi hizi kama chanzo. Zinakumbukwa kwa urahisi kuliko maana yenyewe, na mwanafunzi anayemkumbuka mtu aliyenyongwa ataandika sentensi yenye majonzi mahali panapohitaji kicheko.

Dada wa Mapokezi

Habari zenu kaka zangu na dada zangu. Mimi nipo mapokezi katika hoteli moja upande wa Masaki, na wageni wanaozungumza Kiingereza nawapokea kutoka kila pembe ya dunia. Aliyoyasema Mwalimu kuhusu kuumia bila kukusudiwa nayaona kazini.

Mgeni wa Uingereza anaweza kufika kaunta na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna kiboko katika bwawa la kuogelea. Mfanyakazi mpya hukimbia kwenda kutazama. Aliyezoea hutabasamu na kujibu, "You're pulling my leg, sir", na hapo mgeni anafurahi kweli kweli, kwa sababu jibu hilo linamwambia kwamba mzaha wake umepokelewa na kwamba hakuna aliyekasirika. Nataka kusisitiza hapa: usemi huu si lawama. Ukiutamka kwa tabasamu, ni namna ya kuupokea mzaha. Ukiutamka kwa uso wa hasira, unakuwa shutuma, na mgeni atachanganyikiwa.

Wamarekani nawasikia zaidi wakisema "You're kidding" au "You're messing with me", na wazee wao husema "You're putting me on". Wanauelewa usemi wa mguu bila tabu yoyote, ila kwa vijana wao unasikika wa kizamani kidogo. Waingereza wenyewe wana "You're having me on" na "Are you winding me up?" Huu wa mwisho nimejifunza kuuangalia kwa makini, kwa sababu "wind up" mara nyingine ni kumchokoza mtu mpaka akasirike, na kukasirika kwake ndiko kunakochekesha. Kuna tena "taking the mickey", ambayo hiyo ni kumdhihaki mtu na haihitaji uongo wowote. Tukizitia zote katika neno moja la Kiswahili, tutashindwa kujua lini mgeni anafurahi na lini ameudhika.

Kuna mahali pamoja ambapo nisingemshauri mtu yeyote autumie, nako ni katika kupokea habari mbaya. Mgeni akisema kwamba amepotewa na hati yake ya kusafiria, ukamjibu "Are you pulling my leg?", umemwambia kwamba shida yake umeiona mzaha. Vivyo hivyo katika barua rasmi ya malalamiko. Usemi huu ni wa mdomoni, na wa watu walio katika hali njema.

Kijana wa Sinza

Wakuu, mimi naona mnauzunguka mbuyu. Sisi mtaani tunayo maneno tayari: mtu anapiga fiksi, mtu anafunga kamba, mtu anakuzuga. "Don't pull my leg" ni "usinifunge kamba", imeisha. Kwa nini tuandike kurasa nyingi kwa jambo ambalo kijana wa darasa la saba analielewa?

Mkalimani wa Posta

Mdogo wangu wa Sinza, hoja yako ina nguvu na inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu maneno ya mtaani mara nyingi yako karibu na mazungumzo halisi kuliko maneno ya kamusi. Hebu tuyapime moja moja.

Anayefunga kamba au kupiga fiksi anatia chumvi ili aonekane mkubwa: alikula na waziri, ana ndugu Ulaya, gari lile ni lake. Hataki ugundue, na ukigundua ataona haya. Huyo havuti mguu; Mwingereza angemwita "a bluffer" au angesema kwamba anajigamba. Anayezuga anakushughulisha na jambo hili ili usione jambo lile, kwa mfano anapojifanya anatafuta chenji mfukoni huku akingoja gari lifike kituoni apate kushuka. Huyo naye ana faida anayoitafuta. Katika maneno yako matatu, kuzuga ndilo linalosogea karibu zaidi, kwa sababu vijana siku hizi husema "nilikuwa nakuzuga tu" wakimaanisha mzaha, na likitumika hivyo, pamoja na neno "tu" mwishoni, mimi naliafiki katika tafsiri ya mazungumzo ya vijana. Katika kinywa cha mzee wa miaka 70 ndani ya riwaya lisingekaa.

Kiswahili cha zamani kina usemi mwingine ambao nasikitika kuona unasahaulika, nao ni kumcheza mtu shere. Anayechezwa shere anafanywa mjinga, mara nyingi kwa kuaminishwa jambo lisilokuwepo, na wanaotazama wanacheka. Sehemu ya uongo ipo, sehemu ya kicheko ipo. Kinachokosekana ni upole: shere inamshusha mtu hadhi, na mara nyingi yeye mwenyewe hayumo katika kicheko. Kwa hiyo nautumia pale ambapo Kiingereza kimesema "They made a fool of him", na si pale ambapo mguu umevutwa.

Nawe Mwalimu, kuna jambo moja ambalo hukuligusa. Hapa Dar es Salaam "unanitania!" imekuwa mshangao wa kukataa. Nenda Kariakoo uulize bei ya viatu, utajiwe elfu themanini, na utamsikia mnunuzi akisema, "Unanitania!" Hadhani kwamba muuzaji amesema uongo kwa ajili ya kucheka. Anamaanisha kwamba bei haikubaliki. Ukiipeleka sentensi hiyo katika Kiingereza kwa "You're pulling my leg", utakuwa umekosea. Hapo panataka "You must be joking". Tafsiri ya kwenda na tafsiri ya kurudi hazipiti barabara moja.

Msomaji wa Historia

Kwa yeyote anayetaka mfano mkubwa ulio katika kumbukumbu, upo. Tarehe 1 Aprili 1957, katika kipindi cha Panorama, televisheni ya BBC ilionyesha habari fupi ya familia moja ya Uswisi ikichuma tambi kutoka kwenye miti, na mtangazaji aliyeheshimika sana, Richard Dimbleby, akaisoma kwa sauti yake ile ile ya habari nzito. Wakati ule tambi hazikuwa chakula cha kawaida kwa Waingereza wengi, kwa hiyo wapo walioamini, na wapo waliopiga simu kuuliza namna ya kuotesha mti wa tambi nyumbani. Kila sharti alilolitaja Mwalimu linaonekana hapo. Habari ni ya uongo, imetolewa bila tabasamu, hakuna aliyepoteza mali, na siku yenyewe, ambayo sisi huiita Siku ya Wajinga, ilikuwa imeshabeba ufunguo wa kuigundua. Ndiyo maana watu huikumbuka kwa furaha hadi leo, na ninaamini ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema kwamba BBC ilivuta mguu wa watazamaji wake, jambo ambalo asingelisema kuhusu chombo cha habari kilichotangaza takwimu za uongo ili kuilinda serikali.

Mzaramo wa Kisarawe

Hapo nimeelewa kabisa, na nakubali kwamba huo si utani wetu. BBC na watazamaji wake si watani. Lakini naomba tusisahau kwamba hata wao wana mpaka, maana waliotangulia walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Je, aliyefanyiwa mzaha akiwa hataki kuendelea nao, Kiingereza kinampa namna ya kusema bila kugombana?

Dada wa Mapokezi

Kinampa. Waingereza husema "Pull the other one", yaani vuta ule mguu mwingine, na wengine huongeza "it's got bells on", kwamba mguu huo una kengele. Maana yake ni kwamba sikuamini hata kidogo, jaribu tena. Ni kukataa kwa namna ya kucheka, na mara nyingi mzaha huishia hapo. Lakini uwe umemzoea mtu ndipo umwambie. Kwa mgeni wa hoteli mimi situmii, kwa sababu bila tabasamu unasikika mkali. Naye anayetuhumiwa kuvuta mguu ilhali anasema kweli, jibu lake la kawaida ni "No, I'm serious", na hapo ni vizuri kumwamini mara moja.

Mwalimu wa Temeke

Nawashukuru nyote. Kwa kuwa nina karatasi za kusahihisha, nieleze nitakavyofanya, na anayeona tofauti aniambie. Mwanafunzi atakayeandika kwamba "He was pulling my leg" ni "alikuwa akinifanyia mzaha kwa kunipa habari isiyo ya kweli" atapata alama zote. Atakayeandika "alikuwa akinitania" nitampa alama zote pia, iwapo sentensi yake ya mfano inaonyesha habari ya uongo iliyoaminiwa kwa muda. Ikiwa mfano wake ni wa kumcheka mtu kwa unene wake, nitampunguzia. "Alikuwa akinidanganya" peke yake sitalipokea, ila nitampa nafasi anayeongeza "kwa mzaha". Kwa wale wa kidato cha nne nitaongeza swali la Mzaramo: msemaji ni mkwe wako, naye amekuambia jambo unaloshuku ni mzaha; andika utakavyomjibu kwa Kiingereza, kisha andika utakavyomjibu kwa Kiswahili.